Ruhusa ya Mbuzi Ishirini na Sita

Punda alikuwa keshabeba madebe manne ya maji, na Muhsina alikuwa anakaza kamba ya mwisho, shemeji yake Thani alipotoka na kikombe cha kahawa mkononi, akasimama kando ya mfereji kumtazama. Jua lilikuwa halijachomoza lakini hewa ilikuwa ya moto tayari. Mfereji ule, falaji kama wanavyouita watu wa Bawshar, ulikuwa ukileta maji kutoka chini ya mlima mpaka mashambani kwa zamu, na zamu yao ilikuwa inakaribia kwisha. Thani hakupenda kuyaona maji ya zamu yakiondoka mgongoni mwa punda.

"Siku ya tatu hii, shemeji," alisema. "Mitende yetu itakunywa nini?"

"Mitende ina mizizi. Wale mbuzi wana ndimi nje."

"Si wetu wale."

"Kumi na mmoja ni wetu, na waliobaki ni wa wageni wetu. Nshikie punda huyu, Thani, asije akanimwagia."

Thani aliweka kikombe chini akamshika punda. Hakuwa mtu mbaya, maskini. Ila tangu siku waliyopanda meli bandarini Unguja wakaacha nyumba na milango wazi, hofu ilimwingia ikapata makao, na karatasi yoyote yenye mhuri ilimtoa jasho hata Januari. Shamba lilikuwa la babu yake, aliyezikwa hapo hapo Bawshar nyuma ya msikiti. Baba yake ndiye aliyekwenda Unguja kutafuta maisha, akazaa huko, na wanawe wakalirudia shamba mwaka 1965 kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Mahfoudh, mdogo wake Thani na mume wa Muhsina, alililima mwaka mmoja na miezi kisha akafa kwa homa. Sasa ulikuwa mwaka 1969, na hao waliobaki, Thani na mkewe Kheiria na mjane Muhsina, walikuwa bado wanakaa kwa barua ya ruhusa inayoombwa upya kila mwaka.

"Leo nnakwenda mjini," Muhsina alisema. "Nnakwenda kuwaombea ruhusa wapite. Na wewe utanisindikiza."

Thani alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. "Kujitia machoni mwa wakubwa kwa ajili ya mbuzi! Sisi wenyewe twakaa kwa barua."

"Ndio maana twajua kuomba," Muhsina alimjibu, akavaa buibui lake na kumswaga punda.

Lile buibui lilikuwa na habari yake. Wanawake wa Bawshar walivaa nguo za rangi na shela jepesi. Muhsina peke yake ndiye aliyevaa buibui jeusi la Unguja, la mtindo wa zamani, lenye ukaya wa kuteremsha usoni, na akitoka huteremsha. Watoto walimwita Bibi Kivuli. Kheiria alimshauri mara nyingi aliache, avae kama wenzake, lakini Muhsina alikuwa mkaidi katika jambo hilo tu. Katika mengine yote alijitahidi awe mtu wa hapa. Alijifunza kutia mitende jike chavua ya mitende dume kwa mkono, kazi ambayo mara ya kwanza aliicheka, yeye mtu wa minazi, asiyejua mti unaohitaji kuozeshwa. Alijifunza majina ya tende na saa za maji. Zaidi ya yote alijifunza desturi za watu wa mlimani, na hizo alijivunia kuzijua kuliko hata Thani.

Kila kaidhi, msimu wa joto, tende za mwanzo zinapoanza kugeuka rangi, watu wa mlimani huteremka na mbuzi wao. Juu huko majani yamekauka na visima vimeshuka, na chini mashamba yanahitaji watu wa kukwea mitende na kukata tende. Basi mchungaji huja na familia yake akalala chini ya mitende miezi mitatu. Mbuzi hula tende zinazoanguka na majani ya mfereji, huacha samadi inayolisha shamba mwaka mzima, na mchungaji hukata tende na kuondoka na fungu lake la kumfikisha masika. Nyota ya Suheli ikionekana alfajiri, wanapanda tena, na mbuzi wa mwenye shamba wanapanda nao wakale majani ya mvua huko juu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu kabla ya babu. Lakini mwaka aliofika Muhsina ziliteremka familia tisa, mwaka jana tatu, na mwaka huu moja tu. Waume wa zile nyingine walikuwa wamekwenda jangwani kulinda mabomba ya mafuta, na wake zao wameuza mbuzi.

Na hiyo moja ilikuwa imezuiwa mlangoni.

Mlango wenyewe ulikuwa mapipa mawili na gogo lililolazwa juu yake, pale bonde linapotoka mlimani, chini ya mnara mkuukuu wa udongo. Amri ilikuwa mpya: mtu wa mlimani hapiti bila karatasi, kwa kuwa serikali ilikuwa imeanza kuwaogopa watu wa mlimani. Askari wa zamu, mtu mzima mwenye ndevu za hina na magoti mabovu, alimwona Muhsina akija akanyanyua gogo kabla hajafika.

"Karibu, Mama Zanjibari," alisema kwa Kiarabu, akapunga mkono. Hajapata kuuona uso wake hata siku moja, lakini buibui alilijua.

Hatua mia moja mbele, chini ya mgunga mmoja uliokwisha liwa majani yote, kando ya hema dogo, alikuwapo Amur na mkewe Masouda na mama yake Amur, Bibi Shaikha, kizee asiyeona tena. Mbuzi walikuwa wamesimama wamebanana katika kivuli kisichofunika hata nusu yao. Amur aliwahi kubeba magunia ya karafuu bandarini Unguja miaka kumi na mmoja kabla ya kurudi mlimani, na Kiswahili chake kilibaki kile kile cha wachukuzi.

"Subalkheri, Bi Muhsina."

"Alkheri. Wamelalaje?"

"Wamelala wamesimama. Wale watoto wawili wa yule mweupe tumewafukia jana." Alisema bila kuinua sauti. "Kisima cha juu kimekauka nyuma yetu, kupanda hatuwezi. Kushuka ndio huku. Askari yule mwema, lakini nshamwomba mpaka naona haya."

Muhsina na Masouda waliteremsha madebe pamoja, mmoja huku na mmoja huku. Walikuwa na kimo kimoja na wembamba mmoja, na debe lilishuka bila kuinama upande. Masouda alimimina maji katika bakuli la mbao, kisha akatoa ule mlio wake, sauti nyembamba inayoanzia kooni na kuishia ulimini. Mbuzi wa mbele, jike jekundu mwenye kengele shingoni, alitoka peke yake akaja kunywa. Wengine walitetemeka kwa kiu lakini hawakusogea mpaka walipoitwa. Muhsina alikuwa ameyaona hayo miaka minne na bado yalimtia kicho.

Maji yalikwisha kabla ya mbuzi kwisha. Sita hawakupata.

"Leo nnakwenda mwenyewe mjini," Muhsina alisema. "Nikirudi nnarudi na karatasi."

Amur alimtazama mama yake, kisha akatazama chini. "Mungu akupe wepesi. Tukipita leo, wataishi."

Kutoka Bawshar walipanda lori la mtu wa Sib aliyekuwa anapeleka majani ya mifugo Matrah, Thani akiwa juu ya mzigo na Muhsina mbele karibu na dereva, na kutoka Matrah wakapata gari nyingine ya kupanda kilima mpaka Maskati. Walipopita Mlango Mkubwa wa mji jua lilikuwa limekwisha panda na kuta za mji zilikuwa zinatoa joto. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la mbao, na nje yake baraza la mawe lililojaa watu. Mmoja alitaka ruhusa ya kuleta pampu ya maji, mwaka wa pili huu anaomba. Mwingine alitaka ruhusa ya kutia saruji kwenye paa lake. Wote walikuwa na adabu ile ya watu waliokwisha choka kukasirika.

Thani aliketi akishika bahasha ya barua yao kifuani. "Akiuliza, sema machache," alimnong'oneza. "Usimfundishe kazi."

Muhsina alichezesha midomo chini ya ukaya. Alikuwa anapanga maneno yake. Njia nzima alikuwa amekumbuka jambo moja alilolisikia kwa Amur kila mwaka: mbuzi wakishapita kisima cha mwisho cha mlimani, hawaitwi tena wa mchungaji. Mpita njia akiuliza, "Mbuzi wa nani hawa?" Amur husimama wima akajibu, "Wa shamba la Mahfoudh," na baada ya Mahfoudh kufa, "Wa shamba la Bi Muhsina." Mara ya kwanza kulisikia jina lake likisemwa hivyo, bondeni, na mtu ambaye jamaa zake wako mlimani tangu enzi na enzi, Muhsina alilia chini ya ukaya. Alijiona amepokewa. Leo alitaka kumwonyesha karani kwamba yeye si mgeni asiyejua mambo.

Karani alikuwa mtu mnene mwenye sahani ya tende mbichi mezani, zile za mwanzo kabisa, nusu manjano nusu laini. Alikuwa anakula moja baada ya nyingine huku akiandika, na kokwa anazipanga ukingoni mwa sahani.

"Enhe?"

"Kuna mbuzi wamezuiwa mlango wa Bawshar," Muhsina alisema kwa Kiarabu chake, kilichojaa adabu za msahafu. "Siku ya tatu leo. Wanakufa kiu. Naomba wapite."

"Wangapi?"

"Ishirini na sita," alisema, hesabu ya siku waliyofika.

"Wa nani?"

Muhsina alisimama wima kama Amur. "Wa shamba letu. Shamba la Muhsina, mjane wa Mahfoudh."

Nyuma yake Thani alishusha pumzi, na Muhsina akadhani ni ya furaha. Karani aliandika.

"Na wewe ni mtu wa wapi?"

"Bawshar."

"Kabla ya Bawshar."

"Unguja."

"Aa." Alitema kokwa kiganjani. "Basi huku si kwenu."

"Babu yake marehemu mume wangu kazikwa Bawshar."

"Yeye basi ni wa hapa," karani alisema, wala hakuwa anatania. Aligonga mhuri, akapuliza wino, akamkabidhi Thani karatasi bila kumtazama tena Muhsina. Aliyefuata alikuwa mtu wa pampu.

Nje, chini ya kivuli cha Mlango Mkubwa, Muhsina aliitaka karatasi aisome mwenyewe. Thani alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi; jambo limekwisha, jina lake halikuandikwa popote. Muhsina alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Waruhusiwe kupita mlango wa Bawshar mbuzi ishirini na sita, mali ya Muhsina mjane wa Mahfoudh. Kisha mstari wa pili: Hapiti pamoja nao mtu yeyote wa mlimani, kwa kuwa mwenye mali yupo ndani.

Aliusoma tena ule mstari wa pili. Kisha akarudi, karibu kukimbia, buibui likimfunga miguu.

Karani alikuwa keshainuka, amekunja mikono ya kanzu, birika la kutawadhia mkononi.

"Bwana, kuna wachungaji. Mtu na mkewe na mama yake. Nao ndio waje."

"Umesema mbuzi wako."

"Ni wangu na wao. Ni desturi kusema hivyo."

"Hapa hatuandiki desturi. Mbuzi wako, wewe uko ndani, mchungaji wa nini? Watu Bawshar wamejaa tele."

"Mstari mmoja tu, bwana. Niongezee majina matatu."

"Mhuri ukishagonga hakuna kuongeza. Leo Alhamisi. Njoo Jumamosi ulete ombi jipya, na uje na mtu wa kuwadhamini watu wa mlimani, aliyezaliwa hapa." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, akaenda zake kutawadha. Sahani ya tende ilibaki mezani, na nzi wakaja.

Muhsina alimtazama Thani. Thani alitazama bahasha yake. Walipofika Matrah Thani alisema tu, "Angalau mbuzi watakunywa, shemeji," na hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma zaidi.

Alasiri Thani aliingia nyumbani na Muhsina akapakia madebe tena, akaenda mlangoni. Askari alipokea karatasi, akaigeuza juu chini, akautazama mhuri kwa heshima. Kusoma hakujua, ila mwenzake wa mnarani alijua, akamsomea kwa sauti kubwa kutoka dirishani, na Amur aliyekuwa nje ya gogo akasikia kila neno. Muhsina alitamani ardhi ipasuke.

"Sawa," askari alisema. "Mbuzi wapite. Wao wabaki."

Amur aliondoka kwenye gogo. Alimweleza Masouda kwa maneno machache, na Masouda akaenda akasimama mbali, mikono kifuani.

Ikawa sasa ni kuwapitisha mbuzi. Muhsina alitangulia akaita, "Njoni! Haya, njoni!" Mbuzi wakamtazama. Akawatikisia majani. Mmoja akasogea, akanusa, akarudi. Askari akashuka na fimbo yake kuwazunguka kwa nyuma, wakatawanyika hadi miambani, naye akabaki katikati ya bonde ameshika goti. Mara tatu wakawakusanya na mara tatu wakawapoteza. Kama pasingekuwa na kiu ndani yake, lingekuwa jambo la kuchekesha.

"Mbona mwenye mbuzi hajui kuita mbuzi wake?" askari alisema, pumzi zimemwishia. "Jifunze kwa yule mwanamke. Mwige mlio wake. Mimi nakwenda kuswali." Akapanda mnarani, hatua moja moja.

Muhsina aliketi chini karibu na Bibi Shaikha. Kizee alinyoosha mkono akamgusa goti.

"Uliwaambia nini huko?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Niliwaambia mbuzi ni wa shamba langu, bibi. Kama asemavyo mwanao kila mwaka."

Bibi Shaikha alitikisa kichwa. "Mwanangu husema hivyo kwa sababu yeye ndiye mchungaji," alisema. "Sisi tunasema ni wenu. Nanyi mkiulizwa mnasema ni wetu. Mumeo alikuwa akisema, na babu yake alikuwa akisema: mbuzi wa Amur, mbuzi wa baba yake Amur. Kila mmoja anampa mwenzake. Hivyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya mtu."

Muhsina aliona joto likimpanda mpaka masikioni. Miaka minne amejivunia desturi, na kumbe alikuwa na nusu yake tu, ile nusu aliyoisikia. Mahfoudh hakuwahi kumweleza nusu ya pili, pengine aliona haina haja, jambo la adabu mtu hulijua. Alisimama mbele ya karani akawachukua mbuzi wote ishirini na sita kwa mdomo wake, na hakuna aliyemlazimisha.

"Nimewaibieni," alisema.

"Hukuiba. Hukufundishwa," kizee alijibu. "Lakini imekuwa sawasawa na kuiba." Akamwachia goti.

Amur alikuja akachuchumaa pembeni, akirudi kwenye Kiswahili. "Usijitie simanzi, Bi Muhsina. Wachukue. Wakinywa inatosha. Mie Jumamosi ntakwenda jangwani, kwenye mabomba. Wanataka walinzi. Huko hawaulizi mbuzi wa nani."

"Na tende nani atazikata?"

"Zitaanguka zenyewe."

Alisema bila uchungu, na Muhsina akamwonea huruma mpaka akamkasirikia. Akatazama mnarani. Askari na mwenzake walikuwa kwenye rakaa, kofia zao zinaonekana na kupotea nyuma ya ukingo. Akamtazama Masouda aliyesimama peke yake, kimo kile kile, wembamba ule ule. Akasimama.

"Masouda," aliita kwa Kiarabu. "Njoo ndani ya hema. Upesi, kabla hawajatoa salamu."

Ndani ya hema la manyoya, kulikonuka maziwa na moshi, Muhsina alivua buibui. Tangu Unguja hajapata kulivua nje ya nyumba yake. Masouda alielewa kabla hajaambiwa; macho yake yalifunguka, kisha akaanza kutetemeka kwa kicheko kisicho na sauti, akajifunika mdomo. Muhsina alimvika, akamteremshia ukaya, akamnyoosha mabega. Akamtia karatasi mkononi.

"Askari akikuuliza, itika kwa kichwa. Huwa sisemi naye sana. Nyumba ni ya pili baada ya msikiti. Mwonyeshe Kheiria uso, usimwonyeshe Thani, atazimia. Kesho alfajiri njoo na maji."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa hapa na bibi."

Masouda alivua shela lake la mlimani, lililopauka kwa jua, akamtupia Muhsina mabegani. Kisha akatoka, akamshika punda, akapita mbele ya mbuzi kwa mwendo wa mtu aliyezoea njia za mawe. Hapo ndipo pekee Muhsina alipoogopa, maana mwendo ule haukuwa wake.

Mlio ukatoka chini ya ukaya. Jike jekundu akainua kichwa na kengele ikalia. Akatoka kivulini, na wengine wakamfuata mstari mmoja, na milio ya watoto waliobaki ikafuata nyuma.

Askari alikuwa ameteremka. Alinyanyua gogo kwa mikono miwili, ameridhika kabisa. "Naam," alisema. "Umekwisha jua sasa, Mama Zanjibari. Si nilikwambia umwige?"

Buibui liliitika kwa kichwa. Akawahesabu kwa fimbo, mmoja mmoja, akapata ishirini na wanne, akatazama karatasi, akakuna ndevu.

"Wawili wamekufa," Amur alimwambia kutoka upande wake.

"Mungu atawalipa," askari alisema, akateremsha gogo nyuma yao.

Muhsina aliwafuata kwa macho mpaka kwenye mitende ya kwanza. Kwanza walikwenda kwa adabu. Kisha upepo ukawaletea harufu ya mfereji, na hata Masouda hakuweza tena kuwazuia. Wakakimbia, na vumbi likawafunika wote, wa Amur kwa wa shamba, ungeshindwa kuwatenga. Amur aligeuka akawapa kisogo, akafuta uso kwa kilemba.

Jua lilipokuwa linazama askari alikuja mgungani akichechemea. Muhsina alikuwa ameketi miguuni pa Bibi Shaikha, shela la Masouda kichwani, uso wazi, na upepo wa jioni ukimpiga mashavu ambayo hayakuzoea. Amur alikuwa ameinamia kamba za hema. Askari alimtazama Muhsina moja kwa moja machoni, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, wala hakumjua.

"Nyinyi watu wa mlimani," alisema, "mbuzi hamna tena, mnangoja nini hapa? Jumamosi mwondoke. Huku si kwenu."

Maneno hayo Muhsina alikuwa keshayasikia. Aliyasikia asubuhi kwa karani. Aliyasikia kwa Kiswahili safi bandarini Unguja, kwa mtu waliyekuwa wakisalimiana kila siku. Mara zote mbili alikuwa na jibu, babu na kaburi na hati, na mara zote mbili jibu halikumfaa kitu. Sasa alikuwa na jibu bora kuliko yote, shamba lake likionekana kule nyuma ya mabega ya askari, na hangeweza kulitamka, kwani Kiarabu chake kingemfichua kabla hajamaliza sentensi. Alianza kuinuka. Mkono wa kizee ukamkamata bega, ukabana.

Muhsina aliinamisha kichwa. Askari alingoja kidogo, akaguna, akarudi mnarani kuwasha taa yake.

Kutoka kwenye mitende kengele ilisikika mara moja, kisha kimya, kama mbuzi aliyeshiba maji na kulala chini. Alfajiri Bi Muhsina wa buibui angekuja na punda na madebe manne, na askari angemnyanyulia gogo na kumpungia mkono.